Mimea ya haraka kwa mradi wa sayansi bila udongo: choroko, figili, nanaa, letusi au Lemna?

Choroko iliyolowekwa jioni huwa imetoa mzizi kesho yake usiku au kesho kutwa asubuhi, lakini ukitaka ichanue maua utangoja zaidi ya mwezi. Letusi huota kwa siku tatu hivi, hukaa wiki mbili kama haifanyi kitu, kisha hujaza chombo kwa wiki chache. Lemna, mmea mdogo sana wa majini, haihitaji mbegu: vijani vyake huelea juu ya maji na kujigawa, na idadi inaweza kuwa maradufu ndani ya siku mbili au tatu. Yote mitatu huitwa mimea ya haraka, na kila mmoja utakuangusha ukiupa kazi ya mwenzake.

Kwa hiyo usianze na mmea. Anza na maswali mawili: utapima nini, na zimebaki siku ngapi kabla ya kuwasilisha. Jedwali hili linachukulia chumba chenye nyuzijoto 22 hadi 26 za Selsiasi. Chini ya 18, choroko, maharage na rando la kiazi kitamu huzubaa. Figili na letusi hazijali.

| Mmea | Dalili ya kwanza | Siku za kupata vipimo | Hufaa kupima | Udhaifu wake |
|---|---|---|---|---|
| Choroko | saa 24–36 | 4–6 | asilimia ya kuota, urefu wa mzizi, joto, chumvi | hulegea na kuanguka baada ya wiki moja hivi |
| Maharage | siku 2–4 | 10–14 | sehemu za mche, giza na mwanga | mbegu chache kwa chombo, huoza upesi |
| Mahindi | siku 2–4 | 8–10 | kulinganisha na maharage, mvutano wa dunia | ukungu |
| Figili, haradali | siku 1–3 | 4–7 | chumvi, sabuni, kuelekea mwanga | hukauka ukisahau siku moja |
| Ngano | siku 1–3 | 5–7 | kuelekea mwanga, chumvi | majani yote yanafanana, hakuna mengi ya kuona |
| Kitunguu maji | siku 2–4 | 4–6 | urefu wa mizizi kwenye maji tofauti | vingine havitoi mizizi kabisa |
| Nanaa, mrehani | siku 5–14 | 14–21 | kutoa mizizi kutoka kwenye shina | hunyauka siku za kwanza |
| Rando la kiazi kitamu | siku 3–7 | 10–14 | kutoa mizizi, mwendo wa kukua | hutaka nafasi na joto |
| Letusi | siku 2–5 | 30–45 | virutubisho | hukataa kuota kwenye joto kali |
| Lemna | siku 2–3 | 7 | mbolea, sabuni, chumvi kwenye maji | mwani huivamia |

Maharage hayawezi kujibu swali la mbolea

Tuanze na jambo linaloharibu miradi mingi kuliko ukungu. Mtu huotesha maharage kwenye makundi mawili, moja la maji matupu na jingine la maji yenye mbolea, hupima urefu kwa siku kumi, kisha hukuta makundi yote yamelingana. Pengine hata kundi la mbolea limebaki nyuma. Hapo huandika kwamba mbolea haina faida, na hitimisho hilo si sahihi.

Mbegu kubwa husafiri na masurufu yake. Kotiledoni mbili za maharage, yaani majani mazito ya mbegu yanayotunza akiba, zina wanga, protini na madini ya kuulisha mche kwa wiki moja hadi mbili bila msaada wowote kutoka nje. Katika muda huo mbolea haina pengo la kuziba, na ikizidi huongeza chumvi kwenye maji na kufanya mizizi ipate tabu kuyafyonza. Ukitaka kuuliza kuhusu virutubisho, chagua mmea wenye akiba ndogo: letusi, ambayo mbegu yake haizidi milimita chache, au Lemna, ambayo haina mbegu ya kutegemea. Mbegu kubwa ziachie maswali ya maji, joto, mwanga, chumvi na mvutano wa dunia.

Choroko au maharage?

Kwa kuonyesha, maharage. Kwa kuhesabu, choroko, tena bila kusita.

Maharage yanashinda kwa sababu kila kitu kinaonekana kwa macho. Mzizi mkuu unashuka, shina linajipinda kama ndoano na kuvuta kotiledoni hadi juu, ndoano inanyooka ikipata mwanga, majani ya kweli yanafunguka, na kotiledoni zinasinyaa kadiri chakula kinavyohama. Mtu anayetazama picha za siku kumi anaelewa bila kuelezwa. Lakini gilasi ya nusu lita hubeba maharage matano au sita tu. Ukiwa na mbegu kumi kwa kundi, moja ikioza asilimia ya kuota inashuka kwa kumi, na huwezi kujua kama ni jaribio lako au ni mbegu mbovu.

Choroko 20 hukaa kwenye karatasi moja ya tishu ya jikoni iliyokunjwa, na hata 50 si tatizo. Zikitoka kwenye mfuko mmoja huota karibu pamoja. Zina hila moja: baadhi zina ganda gumu lisilopitisha maji. Baada ya kuloweka utaziona, ndogo na ngumu kama changarawe, huku wenzake wamevimba. Ziondoe hapo hapo, kabla ya kugawa makundi. Ukiziondoa baadaye, tayari umechezea matokeo.

Namna ya kuotesha kwa gilasi inafaa zote mbili. Loweka mbegu saa 8 hadi 12 katika maji ya kuzifunika mara tatu ya kimo chake, kwa sababu zitavimba. Usipitishe saa 24: mbegu iliyozama hukosa oksijeni, huanza kuchacha na maji hutoa povu na harufu. Viringisha tishu nne au tano ndani ya gilasi ya kioo ili zibane ukuta, zilowanishe, kisha chomeka mbegu kati ya karatasi na kioo, sentimita 3 chini ya ukingo. Weka maji ya kina cha sentimita 2 chini, na karatasi itayapandisha yenyewe. Mbegu isiguse maji yaliyosimama. Pamba hutumika sana, lakini hushika maji mengi mno na mizizi hujisuka ndani yake. Siku ya kupima utaikata ukijaribu kuichomoa.

Ikiwa unahitaji vipimo tu, tandaza mbegu kwenye tishu iliyolowa, kunja, inua pembe moja hadi maji yaache kudondoka, tia kwenye mfuko wa plastiki na uache mdomo wazi kidogo. Fungua mara moja kwa siku kupitisha hewa. Pima mzizi kwa uzi, kisha nyoosha uzi kwenye rula, kwa maana mizizi haikui kwa mstari.

Mahindi yanafaa hasa yakiwa pembeni ya maharage. Maharage huinua kotiledoni juu, mahindi huiacha chini ndani ya punje. Maharage hutoa mzizi mkuu wenye matawi, mahindi hutoa mizizi kadhaa ya aina moja. Majani ya maharage yana mishipa ya wavu, ya mahindi yana mishipa sambamba. Kwa jaribio la mvutano wa dunia, geuza mfuko wa mahindi yaliyoota nyuzi 90 na uusimamishe hivyo gizani: ncha ya mzizi huanza kupinda kwenda chini ndani ya saa chache, na kesho yake huhitaji lenzi kuiona. Wanga wa punje iliyopasuka ndio mlo wa ukungu, kwa hiyo chagua punje zisizo na ufa.

Figili, haradali na ngano

Hizi ndizo tunazozipendekeza kwa yeyote anayepima kitu kilichoyeyushwa kwenye maji. Mbegu 20 kwa sahani ya petri au kifuniko chochote kipana, karatasi mbili chini, mililita 5 za myeyusho, na kifuniko juu. Kwa chumvi ya mezani, viwango vinne vinatosha: gramu 0, 2.5, 5 na 10 kwa lita. Figili kwenye 10 kwa kawaida hubaki nyuma sana au haioti. Ngano huvumilia zaidi, na kuziweka hizo mbili sambamba ni mradi mzuri peke yake. Usiache sahani wazi. Maji yakipungua chumvi inabaki, na baada ya siku mbili kundi lako la gramu 5 halina tena gramu 5.

Siku ya pili au ya tatu mizizi ya figili itazungukwa na manyoya meupe laini, na watu wengi huitupa wakidhani ni ukungu. Hivyo ni vinyweleo vya mizizi, na figili ni miongoni mwa mimea inayovionyesha vizuri zaidi. Vinyweleo viko sehemu moja tu, nyuma kidogo ya ncha ya mzizi. Vikinyunyiziwa maji hulala na kutoonekana, kisha huinuka karatasi ikikauka kidogo. Ukungu huanzia kwenye ganda, hutambaa hadi kwenye karatasi na mbegu ya jirani, na una harufu.

Kwa swali la mmea kufuata mwanga, haradali kwenye boksi lenye tundu moja ubavuni huinama ndani ya siku moja. Ngano inaruhusu kwenda mbali zaidi. Chipukizi lake limefunikwa na ala iitwayo koleoptili, na ni kwenye ala za nyasi ambapo Charles Darwin na mwanawe Francis walionyesha mwaka 1880 kwamba ncha ndiyo inayohisi mwanga ilhali kinachopinda ni sehemu ya chini yake. Unaweza kurudia: vika ncha za chipukizi kumi kofia ndogo za karatasi ya alumini, kumi ziache wazi, kumi zizungushie alumini chini ya ncha. Fanya hivyo ala ikiwa na urefu wa sentimita 1.5 hadi 2. Jani likishatoboa ala, umechelewa.

Vipando vya shina na kitunguu

Nanaa ina historia ndefu kwenye maji. Mwaka 1699 John Woodward wa Uingereza alichapisha majaribio ya kuikuza kwenye maji ya aina mbalimbali, na ikanawiri zaidi kwenye maji yaliyochanganywa na udongo kuliko kwenye maji masafi. Faida kubwa ya vipando kwa mradi ni kwamba ukivikata vyote kwenye mmea mmoja vina urithi uleule, hivyo tofauti unazoziona zinatokana zaidi na jaribio kuliko na bahati ya mbegu.

Kata shina changa la sentimita 10 hadi 12, chini kidogo ya kifundo, kwa kisu chenye makali. Ondoa majani ya chini ili vifundo viwili vizame bila jani lolote majini. Jani lililozama huoza na kuchafua chombo kizima. Shina lenye maua liache, hutoa mizizi kwa shida. Badilisha maji kila siku mbili au tatu. Kunyauka siku mbili za kwanza ni kawaida, kwa sababu majani yanapoteza maji ambayo hakuna mzizi wa kuyarudisha. Punguza majani makubwa na uweke mbali na jua kali.

Kati ya nanaa, mrehani na rando la kiazi kitamu, rando ndilo la haraka zaidi, mara nyingi kwa sababu vifundo vyake huwa na vichwa vya mizizi tayari. Mrehani ndio wa polepole na hauvumilii baridi. Usichanganye rando na kiazi chenyewe: kiazi kilichozamishwa nusu kwenye gilasi huweza kukaa wiki mbili hadi nne kabla ya kuchipua.

Kitunguu kiko kivyake. Kwangua kwa uangalifu mizizi mikavu ya zamani, kalisha kwenye mdomo wa chombo hivi kwamba kitako tu kiguse maji, na hesabu wastani wa mizizi mitano mirefu zaidi baada ya siku nne. Mizizi yake imetumika kupima athari za kemikali tangu kazi ya Albert Levan ya mwaka 1938, kwa hiyo ukilinganisha maji ya bomba na maji yenye sabuni uko kwenye njia inayojulikana. Baadhi ya vitunguu hutibiwa ili visichipue ghalani na havitoi mizizi hata ufanyeje. Anza na vinane ukihitaji vitano. Maji yakipanda juu ya kitako, tabaka za nje huoza na harufu itakuambia.

Letusi, ukiwa na wiki tano au zaidi

Hapa ndipo haidroponiki yenyewe, yaani kukuza mmea kwenye maji yenye virutubisho, ilipo. Mbegu huwekwa juu ya kipande cha sifongo cha sentimita 2.5 kilicholowa, bila kufunikwa, kwa kuwa aina nyingi za letusi huota vizuri zaidi zikiona mwanga. Nyuzijoto 18 hadi 22 ndizo inazozipenda. Zikikaribia 30 mbegu nyingi hugoma, na si kwamba zimekufa: zihamishie mahali penye ubaridi zitaota. Ikiwa chumba hakishuki chini ya 28, achana nayo uchukue mchicha, ambao joto hilo ni lake.

Njia isiyohitaji umeme ni ile ya Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Chombo cha lita 3 au 4 kwa mche mmoja, kifuniko chenye tundu, kikombe chenye matobo kinachoshika sifongo. Mwanzoni myeyusho uguse sehemu ya chini ya kikombe. Mche unapokunywa, kina kinashuka na mizizi ya juu hubaki hewani kwenye unyevu, ikivuta oksijeni. Kosa linalojirudia ni kumwonea mche huruma na kujaza chombo tena hadi juu: mizizi iliyozoea hewa inazama, na ndani ya siku chache mmea unalegea ingawa maji yapo tele. Ukilazimika kuongeza, usizidi theluthi ya chini.

Soma lebo ya mbolea kabla ya kuipima. Nitrojeni iwe hasa ya naitreti. Mbolea nyingi za bustani hutumia urea, ambayo hutegemea bakteria wa udongoni kuibadilisha, na kwenye chombo chako bakteria hao ni wachache. Mbolea hiyo pia iwe na kalsiamu, magnesiamu na chuma. Anza na nusu ya kipimo cha lebo, pandisha jani la tatu la kweli likifunguka. pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi kwenye maji, ikae kati ya 5.5 na 6.5, siki huishusha kwa muda mfupi tu, hivyo ipime kila siku. Majani ya zamani yakigeuka manjano kwanza, fikiria nitrojeni. Majani machanga yakiwa manjano na mishipa yake ya kijani, fikiria chuma, na mara nyingi kosa ni pH iliyopanda, si kwamba chuma hakimo.

Funika chombo chochote cha kioo kwa karatasi ya alumini. Mwanga ukikutana na virutubisho, mwani utastawi kuliko letusi yako.

Lemna, isiyopewa nafasi yake

Watu huipita kwa sababu haivutii, lakini kwa swali la uchafuzi wa maji haina mpinzani hapa. Kipimo rasmi namba 221 cha OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, hutumia Lemna kwa siku 7, na toleo la nyumbani halihitaji zaidi ya vikombe vyeupe, mililita 100 za maji kwa kila kimoja, vijani 10 vya kuanzia na vikombe vitatu kwa kila kiwango. Tumia mbolea ya haidroponiki kwa robo ya kipimo. Hesabu kila kijani kilichochomoza ukingoni, hata kidogo, na ufuate kanuni hiyo hiyo hadi mwisho. Uso wa maji ukishafunikwa, ukuaji hupungua kwa kukosa nafasi, si kwa sababu ya jaribio lako, kwa hiyo kikombe kisiwe chembamba. Lemna ya kidimbwini isuuze mara kadhaa na iache siku tatu peke yake utoe konokono. Ukimaliza, ianike ikauke kabisa kabla ya kuitupa. Ikiingia kwenye bwawa lisilo lake huenea na kulifunika.

Mwanga, mbegu na usalama

Miche mirefu, myembamba na iliyopauka haikui upesi, inatafuta mwanga. Taa ya LED sentimita 15 hadi 20 juu ya majani kwa saa 14 hadi 16 inatosha. Dirishani geuza vyombo kila siku. Maji ya bomba yaache wazi usiku mmoja klorini ipungue.

Dengu zilizopasuliwa hazioti, wala maharage ya miaka mingi hayaaminiki. Mbegu zenye rangi ya waridi, buluu au nyekundu isiyo ya asili zimepakwa dawa. Zisishikwe kwa mikono mitupu. Maharage mabichi yasionjwe, yana sumu inayoharibu tumbo, na mbegu za mbarika zisiingie kabisa kwenye mradi wa watoto. Ukungu ukisumbua, zamisha mbegu dakika 10 kwenye sehemu moja ya dawa ya klorini ya kufulia na sehemu tisa za maji, suuza mara tano, ndipo uloweke.

Nyanya, pilipili, stroberi, karoti na kokwa la parachichi viache. Kuota tu kwaweza kula wiki moja hadi miezi miwili. Anayetaka kuona maua na mbegu ndani ya mradi mmoja atafute Brassica rapa, mmea wa jamii ya kabichi, ya mzunguko mfupi iliyotengenezwa na Paul Williams katika Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison: huchanua kwa takriban siku 14 na kutoa mbegu kwa siku 35 hadi 40 chini ya taa ya saa 24, ila lazima uchavushe kwa mkono kati ya mimea tofauti.

Zikibaki siku tano, chukua choroko au figili. Kumi, maharage na mahindi pamoja, au Lemna. Wiki tatu, nanaa. Letusi ianze ikiwa kalenda inaruhusu siku 40 na ziada. Vyovyote vile, loweka mbegu mara moja na nusu ya unazohitaji, na uanzishe kundi la akiba siku mbili baada ya la kwanza, ukiliwekea tarehe yake kwenye lebo ili vipimo visichanganyike.